Oili Inayovuja Juu ya Injini: Kutambua Chanzo Kabla ya Kubadilisha Gasketi ya Tapeti Kava

Mteja anayeleta gari linalovuja oili kwa kawaida huja na jibu tayari. Amekwisha kuambiwa na dereva mwenzake, au na fundi wa kandokando ya barabara aliyechungulia chini ya boneti kwa dakika mbili, kwamba gasketi ya tapeti kava, yaani raba inayozuia oili kupenya ukingoni mwa kifuniko cha juu cha injini, imekufa, na anachotaka ni kubadilishiwa aende zake. Mara nyingi aliyemwambia hakukosea, kwa kuwa gasketi hii ni miongoni mwa zile zinazochoka mapema katika magari tunayoyatumia huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambayo mengi yalifika kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutembea miaka kadhaa. Hata hivyo, katika gereji yetu hapa Arua tumejifunza, tena kwa hasara, kutofungua bolti hata moja kabla ya kuhakikisha mambo mawili: kwamba oili inatoka pale inapodhaniwa kutoka, na kwamba hakuna kitu kingine kinachoisukuma itoke.

Tapeti kava ni kile kifuniko kilichokaa juu ya silinda hedi (kichwa cha injini, au hedi kwa ufupi) na kuzifunika vali na kemshafti zinazozisukuma. Chini yake oili hurushwa huku na huku wakati wote injini inapozunguka, kisha hujikusanya na kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kupitia matundu ya hedi. Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza ni kwamba oili iliyomo humo haina shinikizo la pampu. Shinikizo lile huishia kwenye beringi za kemshafti, na kinachobaki juu ni matone na ukungu tu. Kwa hiyo kazi ya gasketi hii ni nyepesi, na raba laini iliyobanwa kwa nguvu ndogo inatosha kabisa kuifanya. Ukiona gasketi mpya inashindwa kazi nyepesi kiasi hicho, usiilaumu haraka.

Kinachoiua ni joto na umri. Raba inapokaa miaka mingi juu ya chuma chenye joto la nyuzi 90 na zaidi, ikipoa usiku na kupashwa tena asubuhi, hupoteza ulaini wake, hubaki na umbo la mfereji ilimolalia, na mwishowe huwa ngumu kama plastiki. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini hesabu haiishii bandarini: gari lililoingia likiwa na miaka 12, kisha likafanya kazi miaka minane kati ya Arua na Kampala, lina gasketi ya miaka 20 iwapo hakuna aliyewahi kuigusa.

Osha kwanza, kisha utafute

Oili haikai mahali ilipotokea. Huteremka kwa uzito wake, na gari linapokwenda kasi, upepo unaopita chini ya boneti huisukuma nyuma, hivyo tone unaloliona kwenye sampu huenda limeanzia juu kabisa. Vumbi letu la murram, ule udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami, huongeza utata, kwa sababu hunasa kwenye oili na kutengeneza tope jeusi linalofunika upande mzima wa injini. Katika hali hiyo hakuna fundi, hata awe na miaka 30 ya kazi, anayeweza kuonyesha chanzo kwa kidole na kuwa na uhakika.

Injini ikiwa imepoa, isugue kwa brashi na sabuni ya kuondoa mafuta, uisuuze kwa maji kidogo yasiyo na nguvu, ukiwa umeziba altaneta (inayochaji betri), koili (zinazozipa plagi umeme wa cheche) na mdomo wa kuingizia hewa kwa kavera (mfuko wa plastiki). Ikishakauka, paka poda ya watoto kwenye sehemu unazozishuku, hasa chini ya ukingo wa tapeti kava pande zote, kisha uendeshe gari kilomita kumi au ishirini. Ukirudi, tafuta kwa tochi mahali pa juu kabisa ambapo poda imelowa. Mahali pa juu ndipo penye ukweli, na kila kilicho chini yake ni mchirizi tu. Zipo pia rangi maalumu zinazomiminwa ndani ya oili na kung'aa zikimulikwa kwa taa ya mwanga wa zambarau, nazo ni nzuri sana, ila poda hupatikana katika kila duka na imetutosha mara nyingi.

Ukifanya hivyo utashangaa ni mara ngapi tapeti kava imesingiziwa. Katika Toyota Corona Premio za zamani zenye injini ya 7A-FE, distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, imefungwa ubavuni mwa hedi, karibu na kava, na oringi yake (pete ya raba ya kuzuia oili) ikikauka huvujisha oili inayoonekana kana kwamba imetoka kwenye kona ya gasketi. Injini hiyohiyo hutumia mkanda wa taiming'i, na oili sili ya kemshafti iliyojificha nyuma ya kifuniko cha mkanda ikichoka huteremsha oili kwa ndani hadi chini. Katika injini za cheni kama 1ZZ-FE, kikaza cheni kimefungwa kwa nje na kina oringi yake. Zipo pia vali ya kudhibiti oili ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa vali), swichi ya shinikizo la oili, na hata mfuniko wa kumiminia oili wenye raba iliyopasuka, ambao humwaga oili juu ya kava na kumfanya mtu anunue gasketi bure. Kama unyevu ni mwekundu na mwembamba, huenda hata si oili ya injini bali ni mafuta ya pawa stelingi kutoka kwenye mpira wake.

Harufu ya kuungua na moshi chini ya boneti

Dalili hii ndiyo inayowaleta wateja wengi. Dereva anasema kwamba barabarani hasikii kitu, lakini akisimama, hasa baada ya kupanda kutoka Pakwach kuelekea Nebbi akiwa na abiria na mizigo, harufu kali ya oili inayoungua huingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa, na pengine moshi mwembamba hupanda kutoka nyuma ya injini. Chanzo chake ni matone yanayoangukia manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini. Gari linapokwenda, upepo huutawanya moshi. Likisimama, moshi hupanda wima na kunusika.

Upande wa ekzosi ndio wenye joto kubwa, kwa hiyo gasketi huanza kufa upande huohuo, na ndiyo maana harufu hutangulia tone la sakafuni. Katika Probox na magari mengine yenye injini ya 1NZ-FE manifoldi iko nyuma, upande wa kabini, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi, na utahitaji kioo kidogo cha mkononi au simu iliyowashwa kamera. Katika 7A-FE manifoldi iko mbele, na mvujo huonekana mara tu unapofungua boneti. Subaru ni habari nyingine kabisa: silinda zake zimelala kushoto na kulia, tapeti kava zikiwa ubavuni, na bomba la ekzosi limepita chini yake, hivyo hata mvujo mdogo huangukia chuma cha moto moja kwa moja. Mwenye Subaru akilalamika juu ya harufu, anza kwenye kava zote mbili.

Usiichukulie dalili hii kuwa ni kero ya pua tu. Oili ikilowanisha takataka na majani makavu yaliyonasa karibu na ekzosi, moto unaweza kuwaka. Gari linalotoa moshi unaoonekana lisirudi barabarani mpaka litengenezwe.

Gari linamisi, nguvu imepungua

Injini nyingi za kisasa zenye kemshafti mbili zina plagi zilizosimama katikati ya hedi, ndani ya visima vinavyopita katikati ya tapeti kava. Kila kisima kina sili yake ya mviringo inayokitenga na oili. Katika baadhi ya injini sili hizo zimeungana na gasketi kubwa, katika nyingine ni pete zinazosimama peke yake, na katika nyingine zimegandamizwa ndani ya kava lenyewe na hutolewa kwa kuchokonolewa taratibu. Zikikauka, oili hujaa kisimani na kuizunguka plagi, ilhali kwa nje kava ni kavu kabisa na hakuna tone popote.

Mteja wa namna hii halalamikii oili. Anasema gari linatetemeka likiwa limesimama, linakwama likipanda, na taa ya injini imewaka. Kifaa cha kusomea kompyuta kitaonyesha P0300, yaani injini inamisi (silinda zinaruka mwako) bila kutajwa ipi, au namba kati ya P0301 na P0304 inayotaja silinda yenye kasoro. Hapo fundi mwenye haraka hubadilisha plagi na koili, gari hutulia kwa wiki kadhaa, kisha ugonjwa hurudi, kwa sababu oili iliyobaki kisimani imeendelea kulainisha na kupasua raba ya koili mpya, nayo cheche ikapata njia ya mkato kwenda kwenye chuma cha hedi badala ya kupita kwenye ncha ya plagi. Koili ni ghali kuliko gasketi. Kumuuzia mtu koili nne na kumwachia sili mbovu ni kumwibia, hata kama hukukusudia.

Vuta koili moja baada ya nyingine na uangalie raba yake. Ikiwa imelowa oili, umepata jibu. Ikiwa imelowa maji, au ina chumvichumvi nyeupe na kutu, muulize mwenye gari ni lini aliosha injini kwa mashine ya presha, kwa sababu maji yanayoingia visimani huleta dalili zilezile na dawa yake ni kukausha kwa kompresa tu. Tulipokea Premio iliyokuwa imeandikiwa orodha ndefu ya vipuri, na kumbe ilikuwa imeoshwa jana yake.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Usifungue plagi wakati kisima kingali na oili. Inyonye kwanza kwa bomba la sindano au kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, kwa sababu plagi ikitoka, oili yote huangukia ndani ya silinda. Kiasi kidogo kitaungua na kutoa moshi wa bluu kwa dakika chache, lakini uchafu na mchanga vilivyoandamana nacho havina faida yoyote mle ndani.

Oili inapungua lakini chini ni pakavu

Kama kijiti cha kupimia kinaonyesha upungufu na sakafu ni kavu, kuna njia tatu. Oili inaungua juu ya ekzosi kabla haijafika chini, au inajikusanya visimani, au inaungua ndani ya silinda kwa sababu pete za pistoni au sili za vali zimechoka. Mbili za kwanza zimekwisha kuelezwa. Ya tatu hujionyesha kwa moshi wa bluu kwenye bomba la nyuma na kwa plagi zilizopakwa masizi yenye mafuta, na hakuna gasketi ya tapeti kava itakayoiponya. Vilevile, ukikuta oili ndani ya rejeta au maji yaliyochanganyika na oili kama chai ya maziwa, usipoteze muda huku juu. Mtafute fundi wa hedi gasketi, ile inayotenga oili na maji chini ya hedi.

Gasketi mpya imevuja tena

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, na ndipo ninapotaka msomaji atulie.

Kuna Probox ya abiria iliyokuwa ikifanya safari za Arua na Koboko. Ilibadilishiwa gasketi mara tatu ndani ya miezi michache, na mara ya tatu waliobadilisha ni sisi. Tulisafisha vizuri, tukakaza kwa utaratibu, tukajisifu, na baada ya wiki tatu ikarudi imelowa kuliko mwanzo. Tulipofuatilia mipira yote iliyo juu ya injini tukakuta ule unaotoka kwenye vali ya PCV (ya kupumulia injini) kwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa umezibwa kwa bolti. Bila shaka mpira ule uliwahi kupasuka, injini ikaanza kunguruma ovyo kwa hewa iliyokuwa ikiingia, na mtu fulani, badala ya kununua mpira mwingine, akaziba njia. Ngurumo ikaisha, lakini injini ikakosa pa kupumulia.

Kila injini, hata iliyo mpya, hupitisha gesi kidogo pembeni mwa pete za pistoni kwenda kwenye chumba cha kranki kilicho chini ya silinda. Kazi ya vali ya PCV ni kuzivuta gesi hizo zirudi kuungua. Njia ikiziba, gesi hujazana, chumba chote kuanzia sampu hadi tapeti kava hupata mgandamizo, na oili husukumwa nje kupitia mahali palipo dhaifu kuliko pengine, ambapo mara nyingi ni gasketi hii. Ndiyo maana nilitangulia kusema kwamba gasketi yenye kazi nyepesi ikishindwa, usiilaumu haraka.

Jaribio ni rahisi na halihitaji kifaa. Injini ikiwa imepata joto na inanguruma taratibu, toa mfuniko wa kumiminia oili na uweke kipande laini cha kavera juu ya tundu. Injini inayopumua vizuri huivuta kavera kidogo na kuishikilia. Ikiwa kavera inarushwa juu, au moshi unatoka kwa mapigo kama chungu kinachochemka, kuna mgandamizo. Ngurumo ikibadilika kidogo unapotoa mfuniko, hilo ni la kawaida katika magari mengi, kwa hiyo usiligeuze kuwa ugonjwa.

Baada ya hapo chomoa vali ya PCV na uitikise karibu na sikio. Nzima hugonga kwa ndani, na ukipuliza kutoka upande wa kava, hewa hupita. Ukipuliza kutoka upande wa manifoldi, hewa huzuiwa au hupita kwa shida sana. Iliyoganda kwa masizi haigongi, na kwa kuwa si kipuri cha bei kubwa, sisi huibadilisha badala ya kuiosha. Kagua pia mipira yake kwa urefu wote, kwani mpira unaoonekana mzima kwa nje unaweza kuwa umejikunja kwa ndani. Ikiwa vali na mipira ni mizima na bado kavera inarushwa, kilichobaki ni pete za pistoni, na mwenye gari anastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajanunua gasketi nyingine. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote ili asilazimike kukuamini kwa maneno matupu.

Sababu ya pili ya mvujo unaorudi ni silikoni, ama kwa kukosekana mahali pake au kwa kujazwa pasipostahili. Gasketi ya raba hulazwa kavu ndani ya mfereji wake. Silikoni huhitajika kwenye sehemu chache tu, yaani pale ambapo vipande viwili vya chuma vinakutana chini ya gasketi na kuacha mwanya au ngazi ndogo: kwenye maungio ya kava ya cheni na hedi, na kwenye kona ambapo kifuniko cha beringi ya kemshafti kinakutana na hedi. Katika injini zenye raba za nusu mwezi mwishoni mwa hedi, kingo zake pia hupakwa. Tone dogo kwenye kila sehemu linatosha. Anayezungusha silikoni ukingo mzima anadhani anaongeza usalama, lakini gasketi hiyo itateleza ikibanwa, na ile silikoni iliyofinyangwa kwa ndani itakatika vipande, iteremke hadi sampu na kuziba wavu wa pampu ya oili. Injini iliyokufa kwa kukosa oili haifufuliwi kwa tyubu ya gundi.

Ya tatu ni mkono mzito. Bolti nyingi za tapeti kava ni za milimita 6, na kipimo chake katika injini nyingi ni kati ya Nyutoni mita 7 na 12, kiasi ambacho spana fupi na mkono wa kawaida hukivuka bila kujua. Ukikaza zaidi, raba hupondeka na kutoka mferejini, kava la bati hupinda kuzunguka bolti, la plastiki hupasuka, na meno yaliyomo kwenye aluminiamu ya hedi hukatika. Kama kava linashukiwa kupinda, lilaze juu ya kioo kinene cha dirisha na ulibonyeze kila kona; likicheza, hakuna gasketi itakayolitosha. Kumbuka pia raba au washa zilizo chini ya vichwa vya bolti na nati. Katika 7A-FE kava limeshikwa na nati chache za katikati zenye raba chini yake, na raba hizo zikigandamana, nati hugusa chini kabla ya kava kubanwa sawasawa. Wengi hubadilisha gasketi na kurudisha raba za zamani.

Kuhusu ubora wa kipuri nitasema machache. Ukinunua katika soko la vipuri la Kisekka mjini Kampala au hapa Arua, utaonyeshwa gasketi za bei tofauti zinazofanana kwa macho. Ikunje kwa vidole: raba nzuri hurudi ilivyokuwa bila kuacha alama nyeupe. Ilaze kwenye mfereji wa kava lako la zamani kabla ya kulipa. Ikiwa lazima uivute ifike, au inabaki kama kitanzi, irudishe kaunta. Kwa sababu hiyo inafaa kwenda dukani na namba ya injini, na ikiwezekana na kava lenyewe.

Nionye pia dhidi ya dawa mbili maarufu zisizo dawa. Kumimina oili nzito, kama ile ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30, hupunguza mvujo kwa siku chache na kuitaabisha mifumo ya VVT-i inayotegemea oili nyepesi. Zile chupa zinazodaiwa kuziba mvujo hulainisha raba, lakini raba iliyokwisha kupasuka haiungwi kwa kulainishwa.

Namna ya kuifanya kazi yenyewe

Ukishahakikisha kwamba gasketi ndiyo yenye kosa, kazi iliyobaki ni ya saa moja au mbili katika injini nyingi za silinda nne, na inahitaji usafi kuliko inavyohitaji nguvu. Acha injini ipoe kabisa, chomoa waya wa hasi wa betri, kisha puliza vumbi lote kuzunguka kava kabla ya kulegeza chochote, kwa maana mchanga ukiangukia kwenye kemshafti unakwenda moja kwa moja kwenye oili. Piga picha ya nyaya na mipira kwa simu. Toa koili, ukizishika kwenye shingo na si kwenye waya, na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake.

Legeza bolti kuanzia za nje kwenda katikati, kidogo kidogo kwa zamu. Kava likigoma kutoka, ligonge ubavuni kwa nyundo ya raba; usiingize bisibisi kati yake na hedi, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa aluminiamu utavuja milele. Likitoka, funika hedi na visima kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, kisha ondoa mabaki ya gasketi na silikoni kwa kipande cha plastiki au cha mbao. Maliza kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kusafishia breki mpaka ukipitisha kidole usihisi utelezi wowote. Silikoni haishiki juu ya oili, hata iwe ya bei gani.

Osha kava ndani na nje, hasa ile sehemu ya ndani ambamo mvuke wa oili hupitia kuelekea PCV, kausha, kisha ulaze gasketi mpya na sili za visima mahali pake. Paka silikoni kwenye maungio yaliyotajwa, na uwe tayari kulifunga kava ndani ya dakika chache kabla haijaanza kuganda juu. Literemshe wima bila kulikokota. Shika bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa kuzunguka, kwa zamu mbili au tatu, ukimalizia kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha injini hiyo. Rudisha plagi na koili, na kama raba ya koili imevimba au imepasuka, ibadilishe. Iache silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni akitazama saa, kwani kuwasha mapema ni kurudia kazi yote kesho.

Unapowasha, acha injini ingurume kwa dakika 15 huku ukimulika ukingo wa chini wa kava pande zote. Mwambie mwenye gari mapema kwamba oili ya zamani iliyobaki kwenye ekzosi itaendelea kunuka na pengine kutoa moshi kidogo kwa siku moja au mbili, vinginevyo atakupigia simu akiwa njiani na kukulaumu. Ongeza oili hadi alama ya juu ya kijiti, na umtake arudi baada ya kilomita 100 hivi ili ukague injini ikiwa baridi. Ukikuta unyevu mpya safari hiyo, weka spana chini, washa injini, na uchukue tena kile kipande cha kavera.